Kilo zimepungua, matiti nayo yamepungua: lipi la kawaida, lipi la kupeleka hospitali

Mizani ya duka la dawa lililo karibu na kituo cha daladala ilianza kumpa habari njema tangu mwezi wa pili. Kilo 91, kisha 88, kisha 84. Kufikia mwezi wa kumi, mama huyo wa miaka 38, mkazi wa Tabata jijini Dar es Salaam, alikuwa na kilo 76. Hakunywa chai ya kukata tumbo wala kuchoma sindano. Aliacha soda, akapunguza chipsi na wali wa usiku, na kila Jumamosi alfajiri alikimbia na klabu ya jogingi ya mtaani kwake. Siku nyingine alishuka vituo viwili kabla ya kufika nyumbani na kumalizia safari kwa miguu.

Kilichomshtua hakikuwa mizani. Asubuhi moja alivaa sidiria yake ya siku zote akakuta vikombe vimebaki na nafasi mbele, kitambaa kimekunjamana. Alifunga ndoano ya mwisho kabisa na bado mkanda ulimpwaya mgongoni. Kwenye kioo aliona tumbo limeingia na kiuno kimerudi, lakini kifua alichokuwa nacho tangu usichana kilikuwa kimepungua na kushuka.

Watu nao hawakumwacha apumue. Jirani alimuuliza, "Shoga, unaumwa? Mbona umekwisha hivyo?" Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga alimwita mwanawe pembeni na kumuuliza kama nyumbani chakula kinatosha. Mume, akidhani anatania, alisema kilo zimetoka mahali pasipotakiwa. Wote walicheka, na yeye akacheka pamoja nao. Usiku ule ndipo alipoanza kutafuta kwenye simu dawa ya kurudisha matiti.

Kwa jamii ambayo bado inasoma afya, ndoa na mfuko wa mtu kwa kutazama unene wake, mwanamke anayepungua kwa hiari yake huwa na kazi mbili: kupunguza uzito, na kuwaeleza watu kwamba hajaugua wala hajaachika. Maneno ya mitaani yamewarudisha wengi kwenye chipsi kuliko njaa ilivyowarudisha. Lakini safari hii mwili wenyewe ulikuwa umempa swali, na swali hilo lina majibu.

Titi limejengwa na nini

Wengi hudhani titi ni nyama, yaani msuli, na kwamba likilegea linaweza kukazwa kwa mazoezi kama mkono au paja. Ndani ya titi hakuna msuli wa namna hiyo. Msuli mkubwa wa kifua upo nyuma yake, na titi limekaa juu yake kama mto juu ya godoro. Lenyewe limejengwa na vitu vitatu vikuu: tezi zinazotengeneza maziwa pamoja na vifereji vya kuyafikisha kwenye chuchu, mafuta yanayojaza nafasi kuzunguka tezi hizo, na nyuzi zinazolishikilia titi kutoka kwenye ngozi hadi ukutani mwa kifua. Nyuzi hizo zilielezwa kwa kina na daktari wa upasuaji Mwingereza, Astley Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1840, na mpaka leo madaktari huziita kwa jina lake.

Mafuta ya kwenye titi ni mafuta kama yale ya tumboni, mapajani na mgongoni. Mtu anapokula pungufu ya kile mwili unachotumia, mwili hufungua akiba. Chembe za mafuta huachia kilichomo na kusinyaa. Hazifi na kutoweka, bali hubaki kama magunia yaliyopunguzwa mzigo, na ndiyo maana uzito ukirudi hujaa tena. Mwenye mwili hachagui akiba ifunguliwe wapi. Hakuna zoezi linaloamuru mafuta yatoke tumboni peke yake na kuacha kifua, kama ambavyo hakuna linaloyatoa mapajani pekee. Mpangilio huo hutokana kwa sehemu kubwa na urithi, homoni na umri.

Kwa hiyo kilo zikishuka na kifua kikashuka nacho, kwa wanawake wengi huo ni utaratibu wa kawaida wa mwili. Si dalili kwamba mazoezi yamezidi, wala kwamba tezi za maziwa zimeharibika.

Mbona mwenzake hakupungua kifua?

Hapa ndipo mama wa Tabata alipokwama. Mwenzake wa kukimbia, mdogo kwake kwa miaka minane, alipungua karibu kilo zile zile na kifua chake kilibaki kama kilivyokuwa. Walianza wiki moja, walikimbia njia moja, na sidiria zao mwanzoni zilikuwa za namba moja.

Namba ya sidiria haisemi ndani ya titi kuna nini. Wapo wanawake ambao matiti yao yamejaa tezi na nyuzi zaidi, na wapo ambao sehemu kubwa ni mafuta. Wawili wanaweza kuvaa saizi moja kwa miaka, wasijue tofauti hiyo mpaka mmoja wao apungue mwili. Mwenye mafuta mengi kifuani ataona mabadiliko mapema. Mwenye tezi nyingi anaweza kupunguza kilo 10 na fundi wake wa nguo asione cha kupunguza kifuani.

Umri nao una sehemu yake. Kadiri mwanamke anavyokaribia na kupita kipindi cha kukoma hedhi, tezi hupungua na mafuta huchukua nafasi yake. Ndiyo maana mama wa miaka 55 akipungua mwili, kifua chake mara nyingi hupungua kwa wazi kuliko cha binti yake wa miaka 25 aliyepungua kilo zile zile. Hakuna hesabu ya kusema kilo tano ni sawa na saizi moja ya sidiria, na anayemtajia mteja hesabu hiyo kabla hajaanza dayati anabahatisha.

Kushuka ni jambo jingine na kupungua. Ngozi iliyokuwa imetanuka ili kubeba titi kubwa haijui kujikunja upesi mzigo unapopungua. Ikiwa bado ni changa hurudi kwa kiasi. Ikiwa imetanuka kwa miaka mingi, au imetanuka na kusinyaa mara nyingi kwa mtindo wa kupungua na kunenepa tena, hubaki imelegea. Uvutaji wa sigara huizeesha ngozi mapema zaidi.

Kuna lawama moja ya zamani inayofaa kuondolewa hapa, kwamba kunyonyesha ndiko kunakoangusha matiti. Madaktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, waliwachunguza wanawake waliokuja kwao kwa ajili ya matiti yao na hawakuona kwamba kunyonyesha kwenyewe kunaongeza kushuka. Waliyoyakuta yakihusiana na kushuka ni umri, uzito mkubwa, ukubwa wa matiti kabla ya mimba, idadi ya mimba, sigara, na kuwahi kupungua mwili sana, yaani zaidi ya kilo 22 hivi. Mimba yenyewe hubadilisha titi, iwe mama atanyonyesha au hatanyonyesha. Kina dada wanaowanyima watoto ziwa ili kulinda umbo wanalipa bila kupata bidhaa.

Krimu, vidonge na pampu

Usiku ule kwenye simu, mama huyo alikutana na kila kitu: krimu ya kujaza matiti kwa siku 14, vidonge vya mitishamba, mafuta ya kuchua, pampu ya kuvuta. Picha zilikuwa mbili mbili, kabla na baada, na mara nyingine ilikuwa wazi kwamba ni wanawake wawili tofauti. Bei ziliandikwa kama ofa inayoisha leo saa sita usiku. Kesho yake ofa ilikuwepo tena.

Hakuna krimu iliyothibitishwa kurudisha mafuta ndani ya titi. Kitu kinachopakwa juu ya ngozi kinaweza kuilainisha na kuifanya ing'ae, basi. Kuchua kunaweza kuvimbisha kwa saa chache kwa sababu damu imekimbilia pale. Hatari iko kwenye bidhaa zenye homoni ambazo hazikutajwa kwenye kopo, kwani homoni haitumwi kifuani ikakaa hapo hapo. Huingia kwenye damu, huvuruga hedhi, na kwa mwanamke anayenyonyesha au mwenye historia ya saratani ya matiti katika familia huo si mchezo wa kujaribu.

Mazoezi ya kifua, kama kupiga pushapu, yana faida ya kweli lakini ya kiasi. Hukuza ule msuli ulio nyuma ya titi, na kifua huonekana kimejaa na kunyooka kidogo. Hayarudishi mafuta wala kukaza ngozi. Upasuaji wa kuinua matiti upo, na ni uamuzi mzito wenye gharama na makovu. Madaktari humshauri anayeutaka asubiri kwanza uzito wake utulie, na kama anapanga kuzaa tena, asubiri amalize.

Kinachosaidia kesho asubuhi ni cha bei nafuu kuliko vyote: sidiria ya saizi sahihi. Wengi hupungua kilo 15 wakaendelea kuvaa ile ile ya zamani, kisha wakalalamika kifua kimeharibika. Fundi cherehani yeyote ana utepe wa kupimia. Kipimo cha kwanza ni chini ya matiti, kuzunguka mbavu. Cha pili ni juu ya chuchu, pale palipojaa zaidi. Mkanda ndio unaobeba, kamba za mabegani husaidia tu. Kamba zikikata mabega, tatizo huwa ni mkanda uliolegea. Na anayekimbia anahitaji sidiria ya mazoezi inayoshika vizuri, maana titi linalorukaruka kwa nusu saa huuma, na maumivu hayo yamewaondoa wengi barabarani.

Kupungua taratibu nako kunaipa ngozi muda. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo unaokubalika kwa watu wazima wengi. Anayeshinda na maji ya limao kwa wiki tatu hupoteza mafuta na misuli pamoja, na kwa kawaida uzito hurudi.

Mama anayenyonyesha na maneno ya wakwe

Mdogo wake na mama huyo, mwenye mtoto wa miezi mitano, naye alitaka kuanza kukimbia. Mama mkwe wake alikataa. Alisema maziwa yatakauka, na kwamba aangalie kifua cha dada yake kilivyokwisha.

Wasiwasi wa bibi kwa mjukuu hauna ubaya, ila ulikuwa na makosa kuhusu titi. Maziwa hutengenezwa na tezi, si mafuta. Mwanamke mwenye matiti madogo anaweza kumshibisha mtoto vizuri kama mwenye makubwa, kwa sababu kinachoamuru kiasi cha maziwa ni mara ngapi titi linanyonywa na kumalizwa. Linalotolewa sana hutengeneza sana. Tofauti inayoweza kuwepo ni ya nafasi ya kuhifadhi: baadhi ya akina mama hulazimika kunyonyesha mara nyingi zaidi kwa siku kwa kuwa kila nyonyo hubeba kidogo, lakini jumla ya siku hutosha.

Na kupungua uzito? Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2000 kazi yao juu ya akina mama wenye uzito mkubwa waliokuwa wananyonyesha, ambao walipunguza chakula kwa kiasi na kufanya mazoezi kuanzia wiki chache baada ya kujifungua. Walipungua karibu nusu kilo kwa wiki, na watoto wao walikua kama watoto wa akina mama ambao hawakubadilisha kitu. Ni kupungua kwa kiasi, si kwa kujinyima. Mama anayenyonyesha mtoto asiyekula kitu kingine huhitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku kuliko alivyohitaji kabla ya ujauzito, na sehemu yake hutoka kwenye akiba ya mwili wake mwenyewe. Akikata chakula kwa fujo huanza kuishiwa nguvu, kizunguzungu kikamshika, na mtoto naye akapata mama mwenye hasira.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Kipimo cha kwamba maziwa yanatosha kipo kwenye kadi ya kliniki, kwenye mstari wa uzito wa mtoto, na kwenye nepi zinazolowa. Kifua cha mama hakisomwi kwa macho.

Baada ya kuachisha, matiti hupungua tena, mara nyingine yakawa madogo kuliko kabla ya mimba. Ukichanganya na kilo zinazoshuka kipindi hicho hicho, mama anaweza kuamini kuna kitu kimekwenda vibaya. Mara nyingi hakuna. Tezi zilizokuwa kazini zimepumzishwa, na mafuta hayajarudi kujaza nafasi.

Binti anayemtazama mama

Kulikuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba ile aliyekuwa akifuatilia mizani: binti wa miaka 15. Alianza kuacha chakula cha mchana shuleni.

Kwa mtu mzima kupungua kifua ni kupoteza mafuta. Kwa binti ambaye mwili bado unajijenga ni suala jingine. Matiti huanza kuota kwa kawaida kati ya miaka 8 na 13, na huchukua miaka kadhaa kukamilika, moja likitangulia na jingine likifuata. Binti akijinyima chakula au kufanya mazoezi kupita kiasi, homoni zinaweza kushuka mpaka hedhi ikasimama, na mifupa ikakosa kujengwa katika miaka ambayo hujengwa zaidi. Binti aliyewahi kupata hedhi ikakatika miezi mitatu mfululizo aonwe na mtaalamu wa afya. Mzazi anayefanya dayati ndani ya nyumba yenye msichana afanye akijua anatazamwa: amwambie anapunguza nini na kwa nini, na asiseme mwili wake vibaya mbele yake.

Uvimbe ulioonekana baada ya mafuta kuondoka

Mwezi wa kumi na moja, akioga, mama wa Tabata aligusa kitu upande wa juu wa titi la kushoto, karibu na kwapa. Kilikuwa kama punje ya karanga. Hakikuuma. Alikigusa tena kesho yake, na keshokutwa, kisha akajipa maelezo ambayo yalionekana na akili kabisa: amepungua, kwa hiyo sasa anagusa vitu vya ndani ambavyo zamani vilifunikwa na mafuta.

Maelezo hayo yana ukweli nusu. Titi linapopoteza mafuta, tezi za kawaida huweza kugusika zaidi, na mwanamke akahisi kifua chake kina chembechembe ambazo hakuwahi kuzijua. Lakini hiyo hiyo ndiyo njia ambayo uvimbe uliokuwepo muda mrefu hujitokeza. Kidole hakiwezi kuamua ni kipi kati ya hivyo viwili, wala Google, wala shoga aliyewahi kuwa nacho kikayeyuka.

Alisubiri wiki saba.

Mafuta yanapoondoka, kwa kawaida huondoka pande zote mbili, taratibu, na umbo la titi hubaki la jamaa yake. Ni kweli kwamba wanawake wengi tangu ujana titi moja huwa kubwa kidogo, na tofauti hiyo inaweza kuonekana zaidi mwili ukipungua. Tatizo ni badiliko jipya la upande mmoja. Titi moja likisinyaa au kubadilika umbo na jingine likabaki, ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa imetoka ikaingia ndani, damu au majimaji yakatoka kwenye chuchu bila kuibinya, kidonda kisichopona kikawa kwenye chuchu, uvimbe ukawa kwenye titi au kwapani: hayo hayaelezwi na jogingi. Kutouma si kinga. Vimbe nyingi za saratani mwanzoni haziumi, na hilo ndilo huwafanya watu wakae nazo.

Kwa anayenyonyesha, uvimbe mara nyingi ni maziwa yaliyoziba njia, na hupungua ndani ya siku chache mtoto akinyonya vizuri. Usipoondoka kwa wiki moja au mbili aende akapimwe. Kunyonyesha hakuzuii kipimo cha ultrasaundi, na hana haja ya kumwachisha mtoto ili apimwe.

Namna nyingine ya hatari ni uzito wenyewe kushuka bila mtu kuutafuta. Aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kubadilisha chakula wala mazoezi anatakiwa kupimwa. Kwa mwenye kilo 70 hiyo ni kilo tatu na nusu tu. Kisukari, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, msongo mkali wa mawazo na saratani za aina mbalimbali vyote hupunguza mwili, na mtu anaweza kupongezwa na majirani kwa kupendeza huku anaumwa. Hapa ule ujirani wa kuuliza "unaumwa?" unageuka kuwa na maana.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kuwa mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti duniani, na watu 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Nchini Tanzania ni ya pili kwa kuwapata wanawake, ikitanguliwa na ya mlango wa kizazi. Shirika hilo linataka nchi zihakikishe mwanamke mwenye dalili anapata majibu kamili ndani ya siku 60 tangu alipofika kituoni. Siku hizo 60 hazihesabu wiki ambazo mtu amekaa nyumbani akipaka mafuta ya mwarobaini.

Kuna jambo ambalo halipaswi kupotea katika hofu hii: kupunguza uzito kwenyewe ni kwa faida ya matiti. Baada ya kukoma hedhi, mafuta ya mwilini huwa ndiyo kiwanda kikuu cha homoni ya estrojeni, na uzito mkubwa katika umri huo huongeza uwezekano wa kupata saratani ya matiti. Mazoezi huupunguza. Mwanamke aliyeogopa kifua kushuka akarudi kwenye kilo 91 hajakiokoa kifua.

Kilichotokea kituo cha afya

Aliyemsukuma ni mdogo wake. Siku ya kupeleka mtoto kupimwa uzito walikwenda wote wawili, na mdogo mtu akamwambia muuguzi bila kuuliza ruhusa, "Dada yangu naye ana jambo." Muuguzi alimwingiza chumba cha ndani, akamlaza, akampima matiti yote mawili na makwapa, kwa vidole vitatu, taratibu, kwa kuzunguka. Alimuuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, kama mama yake au dada zake waliwahi kupata saratani ya matiti, na kama kile kitu kimekua tangu alipokiona. Hakumuuliza kwa nini alichelewa. Alimwandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya kwa ultrasaundi.

Mambo hayo matatu, pamoja na tarehe aliyogusa uvimbe kwa mara ya kwanza, ni vizuri mwanamke aende nayo ameyaandika. Kama uvimbe uligusika siku chache kabla ya hedhi, anaweza kujigusa tena siku chache baada ya hedhi kuisha, matiti yanapokuwa laini. Ukiwepo bado, safari ianze. Akienda na mwenzake, mmoja asikilize vizuri, kwa sababu aliye na hofu husikia maneno mawili tu katika kumi.

Ultrasaundi ilionyesha uvimbe wenye kingo safi. Daktari alitaka uhakika, akachukua vipande vidogo kwa sindano chini ya ganzi, vikapelekwa maabara. Mama huyo alikuwa amesikia kwamba uvimbe ukichomwa sindano saratani husambaa, akataka kukataa. Daktari alimwambia kipimo hicho hufanywa kila siku na kwamba bila hicho mgonjwa na daktari wote wanabahatisha. Zingekuwa na saratani, safari ingeendelea kwenye vituo vya matibabu ya saratani kama Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kwa wa Kanda ya Ziwa ingekuwa Bugando, na kwa wa Kaskazini KCMC.

Majibu yalisema si saratani. Ni uvimbe wa tezi na nyuzi, wa aina inayowapata sana wanawake ambao bado wanapata hedhi. Aliambiwa uachwe, arudi baada ya miezi sita waupime tena, na arudi mapema kama utakua au ngozi itabadilika.

Mume ndiye aliyempeleka kuchukua majibu. Njiani kurudi walisimama kwenye duka la nguo za ndani, naye akabaki nje kwenye bodaboda akijifanya anapiga simu. Mkewe alitoka na sidiria mbili, mkanda namba mbili chini ya ile ya zamani na kikombe kidogo. Jumamosi iliyofuata saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa barabarani. Tarehe ya kurudi hospitali aliiandika ndani ya mlango wa kabati, chini ya zile kilo zake: 91, 88, 84, 76.